Kibaraza cha Duka Lako

Mdogo wangu,

Mama ameniagiza niandike kwamba ni mzima. Njia ya baiskeli na ya waendao kwa miguu imekamilika, tena ina ukingo wa zege, isipokuwa mbele ya duka lako, kwa kuwa ulikwenda mahakamani kuzuia kibaraza kisivunjwe. Hapo mama hushuka barabarani na mkongojo wake kila aendapo kliniki. Juzi lori lilimkosakosa, akaanguka, akavunjika mkono.

Dereva akamfokea, "Bibi, umechoka kuishi?"

"Samahani, baba," akajibu, "nilikuwa nalitazama duka la mwanangu."

Keshokutwa anarudi kliniki, na njia ni hiyo hiyo. Futa kesi, au uje umshike mkono uliobaki.

Ni mimi, kaka yako mkubwa.