Kifo cha Blandina, Mke wa Polycarp, Uzazini Mtaa wa Narung'ombe

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kariakoo, 12 Machi 1957

Mimi ni Siwema binti Kombo, umri wangu miaka thelathini na minane, mjane, muuza maandazi. Naishi Mtaa wa Narung'ombe. Marehemu Blandina na mumewe Polycarp, mwenye duka, walipanga chumba kinachotazamana na changu.

Blandina mwenyewe ndiye aliyetaka kuzalia nyumbani. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa hospitali, akafa, akazikwa kabla mama hajamwona. Safari hii nesi wa kliniki alimwonya kuwa mtoto amekaa vibaya. Aliniambia, "Dada Siwema, kule sirudi." Sikumlaumu.

Mnamo tarehe 9 Machi, asubuhi, uchungu ulimshika. Saa sita mkunga, Bi. Mwantumu, alisema mkono wa mtoto umetangulia, kazi imemshinda, apelekwe hospitali upesi. Blandina alikubali. Alilia, "Nipelekeni jamani." Polycarp akainuka kutafuta teksi. Mama mkwe wa Blandina, Mektilda, akamzuia mlangoni: "Mwanamke akikwama hivi ana mwanamume kifuani. Amtaje kwanza, mtoto atashuka." Mambo hayo hata kwetu Pwani yapo, nami nayachukia.

Blandina aliapa hana mtu. Wakamwacha hivyo hivyo mpaka saa nane. Ndipo akanitazama mimi, akasema, "Nassibu."

Nassibu ni mume wangu, alifariki mwaka juzi. Afande, yule binti alimtaja maiti ili asimponze mtu aliye hai.

Nilidhani sasa watampeleka. Mektilda akamshukuru Mungu, akasema njia imefunguka, hospitali ya nini tena. Nikapiga kelele iitwe teksi. Polycarp akanisukuma nje. "Nyamaza wewe, una wivu wa mumeo." Wapangaji walikuwa ukumbini, hakuna aliyesimama upande wangu. Blandina aliniita, kisha akaacha kuita. Alikata roho saa kumi, mtoto yungali tumboni.

Jana Polycarp aliniuliza kama ni kweli. Nilimwambia si kweli. Hakuniamini. Amesema hatamwekea msalaba.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, na sina jingine.

Dole gumba la Siwema binti Kombo

Nimemsomea shahidi maelezo yake, ameyakubali. Ameomba iandikwe kuwa marehemu hakuwa na mwanamume mwingine. Nimemweleza kuwa huo si ushahidi.

Sajini Aristides