Susu, Ulimwengu Unapanuka Lakini Si Hapa Kwetu

Susu, nyanya yangu,

Nianze na lile unalolijua tayari: mimi Kioko, mjukuu wako, ndiye mtu pekee kuanzia vilima vya Kilungu mpaka Kitui mjini ambaye ulimwengu wote unamwingia kichwani na bado inabaki nafasi ya sufuria nzima ya isyo, mahindi na maharagwe yake. Shule iliniacha kidato cha pili kwa sababu iliona nitaimaliza. Walimu wanasema vingine, lakini walimu hao hawajawahi kuulizwa maswali na wewe.

Wewe umenichosha. Watu wengine wakifa wanaacha mbuzi. Wewe uliniachia swali, lile la alasiri ya mwisho, akina mama wa kanisa wakiwa wametoka tu kukuombea. "Mume wangu, nikienda, nitakuwa mbali nanyi kiasi gani?" Uliniita mume wako tangu nizaliwe, kwa kuwa nilipewa jina la babu, na mbele za watu nilijifanya nimechukia. Basi mimi mume wa maneno mengi nikakujibu kwamba kila kitu kinaenda mbali na kila kitu kingine, na kadiri siku zinavyopita ndivyo umbali unavyozidi.

Hivyo ndivyo nilivyomwambia mgonjwa. Miezi saba sasa nazunguka na jibu hilo, nikitafuta mtu wa kuniambia kama ni kweli.

Elimu yangu yote ya nyota, kama unavyokumbuka, ilitoka kwenye nusu ukurasa wa gazeti. Sukari iliyofungwa ndani ilikuwa yako, gazeti likawa langu. Liliandika kwamba ulimwengu unapanuka, makundi ya nyota yanakimbiana, halafu likasema "Lakini", na hapo ndipo mwenye duka alipochania. Nimeenda kumwuliza nusu ya pili iko wapi. Akasema ilifunga ugoro wa mtu. Kwa hiyo kuna mzee mahali fulani alifungua nusu ya ulimwengu, akanusa, akapiga chafya, akaitupa.

Na hiyo nusu niliyokuwa nayo uliivuruga wewe. Siku moja ulikuwa unaanza kusuka kiondo, kitako chake kikiwa bado kidogo kama kisosi, nami nikakuonyesha nyuzi zinavyotoka katikati na kuachana, nikasema nyota nazo ni hivyo hivyo. Hukuinua hata macho. "Zikiachana mimi huongeza nyingine katikati. Huko juu anaongeza nani?" Nikasema haongezi mtu, nafasi yenyewe ndiyo inayokua. "Inakua ikiingia kwa nani? Hapa kwetu mtu akipanua shamba, jirani anaenda kwa chifu." Nikasema hakuna jirani, hakuna mwisho. "Walifika wakaukosa huo mwisho, ama walichoka njiani?" Nikaona nihamie kwenye wakati, labda huko ningepata nafuu. Nikakwambia wakati nao ulianza, na kabla yake hakukuwa na kabla. Ulicheka mpaka uzi ukakutoka mkononi, ukauliza kama hiyo ndiyo sababu nikitumwa maji asubuhi narudi jioni.

Sasa niambie, mtu atajifunza nini katika boma kama hilo?

Hapa nyumbani mambo yanaendelea. Mbaazi zimezaa. Wanawake wa mwethya, kile kikundi chenu cha kusaidiana, walikuja na majembe yao wakamaliza matuta ya shamba la juu, yale uliyosema yataanguka, na hayakuanguka. Kuku wako mweupe ametaga kitandani kwako na Mama hamfukuzi. Mke wa Baba Mdogo amejifungua msichana na, kama ilivyo desturi, akapewa jina lako. Mbithe. Kwa hiyo sasa nina mke wa miezi minne, hana jino hata moja, ana kelele, anataka kubebwa wakati wote. Nimekwambia tu, sijasema anafanana na mtu.

Nimemwuliza mchungaji swali lako. Akasema uko kwa Bwana. Nikamwuliza huko kwa Bwana kunapanuka au hakupanuki. Akaniambia nije kwanza Jumapili tatu mfululizo. Nilienda, Susu, tatu zote, na viatu nikavaa. Ya nne akaniambia nisome Biblia.

Sasa hivi nasafirisha machungwa na mfanyabiashara mmoja, na mwezi uliopita tulifika Migwani. Huko kuna mwalimu wa sayansi, mteja wetu. Nikamkamata akimenya chungwa, nikamwuliza yote. Akasema kupanuka ni huko mbali kabisa, kati ya kundi la nyota na kundi jingine. Vitu vilivyoshikana vinabaki vimeshikana. Dunia haiachani na mwezi wake kwa sababu hiyo, na Kilungu haisogei mbali na Migwani, ni barabara tu ndiyo mbaya. Nikamwuliza: na mtu na nyanya yake? Akasema hilo halimo katika sayansi, nimwongezee chungwa.

Nilimwongezea. Ningefanya nini.

Hilo ndilo jibu, basi, nusu yake. Nilikudanganya bila kujua. Kilichoshikana hakiachani. Natamani ungekuwepo uniulize "Kimeshikwa na nini?" ili nikasirike.

Lala, Susu. Lala vizuri, mke wangu wa kwanza. Huyu Mbithe mdogo ataanza kusema, na najua ataanza na maswali. Nakuahidi jambo moja ambalo hujawahi kulisikia mdomoni mwangu: nisilolijua, nitamwambia silijui.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna jambo sijamwambia hata Mama.

Siku ile nilipokujibu, ulinyamaza. Miaka yote hukuwahi kunyamaza nikisema mimi. Ulisema tu "Basi ni mbali," ukageukia ukuta. Nikaona nimekushinda. Nilitoka mbio mpaka njia panda kuwaambia vijana kwamba leo Susu amekosa la kuuliza, nikaigiza sauti yako, nikaigiza ulivyogeuka. Wakanirudisha mwanzo mara tatu, niigize tena. Jua lilikuwa linashuka niliporudi, na walikuwa wameshakufunika uso. Niliingia mlangoni nikiwa bado nacheka.

Kioko