Farasi Mia Nne na Mto Mkavu

Geita, Jumapili mchana

Mayu, mama yangu,

Shikamoo. Najua barua hii unaisikia kwa mdomo wa dada Kabula. Kabula, salamu nyingi na wewe, na nakuomba usome yote kama yalivyo, usiruke mstari kwa kunihurumia. Macho vipi, mayu? Bado unaona kivuli cha mtu mlangoni, au hata hicho kimeanza kupotea? Na ule mguu umeacha kuwaka moto? Mimi mwili mzima, nakula, gereji kazi zipo. Roho ndiyo haijatulia, na ndiyo maana sikupiga simu. Kwenye simu ningekudanganya tena.

Ndiyo, tena.

Unakumbuka siku ile niliyokuwa nije kukuchukua hapo Kishapu nikupeleke hospitali ya Kolandoto, siku ya mwisho ya wale madaktari wa macho wanaokuja kwa msimu? Kabula alisema ulioga alfajiri, ukajifunga kitenge kipya, ukakaa uani kusikiliza mlio wa gari. Saa nane mchana nikapiga simu nikasema mto umejaa, maji yamekata barabara. Mayu, mto ule ulikuwa mkavu. Hata tone.

Kilichonikwamisha ni mimi mwenyewe. Huku Geita fundi wa magari ya turbo hatangazwi na kibao, anatangazwa na gari yake. Vijana wanaonunua dhahabu wanataka gari ya kuruka, na wakisikia gari ya fundi fulani imepitwa barabarani, kesho yake wamehamia kwa mwingine. Basi ile yangu ya bluu nikaiongezea presha ya turbo, ile inayosukuma hewa kwenye injini, mpaka basi. Kiwandani ilitoka na nguvu za farasi kama mia mbili na thelathini, mimi nikaitaka mia nne. Nilipokutambia Krismasi uliniuliza, "Shija, farasi wote hao wanalima wapi? Sisi hapa ng'ombe wawili na plau wanatutosha." Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Siku ile niliondoka mapema kweli. Nilikuwa nimekuwekea mto wa kukalia kwenye kiti. Nilipopita Kagongwa ikatokea gari nyeupe iliyotengenezwa na fundi mshindani wangu, ikanipigia honi, ikanipita. Ningeiacha iende zake! Lakini nikasema moyoni, huyu atanitangaza mji mzima. Nikakanyaga mafuta. Injini ikaanza kugonga, ule mlio ambao kila siku nawaambia wateja, ukiusikia toa mguu. Sikutoa. Nikampita, nikampungia na mkono dirishani, mara moshi ukajaa nyuma na gari ikafa. Pistoni ilikuwa imepasuka. Turbo ikisukuma hewa kupita kiasi joto linapanda, na mafuta yetu haya ya kawaida hayahimili. Nalijua hilo kama ninavyojua jina langu.

Utasema, si ungekodi gari nyingine? Ningeweza, mayu. Muda ulikuwepo. Ila saa zile zote nilizimaliza nikitafuta wa kunivuta, niifiche gari kabla wateja hawajaiona. Aibu yangu niliiweka mbele ya macho yako.

Na ulivyopokea ule uongo! "Mvua imenyesha huko? Mungu mkubwa! Basi usivuke, mwanangu, maji hayana mzaha. Macho yatasubiri." Tangu hapo sijapata amani. Halafu juzi Kabula ananiambia kwamba kwa neno langu mlipanda mtama mapema, mkijua mvua inakuja, na mbegu zote zimeliwa na kuku na mchwa. Nilikuwa chini ya gari ya mteja. Nikabaki huko huko nalia, hata spana imenidondoka.

Injini nimeshaifunga upya, presha nimeirudisha ya kiwandani. Wenzangu wananicheka, eti Shija kazeeka. Jana mnunuzi mmoja wa dhahabu alitaka nimfikishie hiyo mia nne. Nikamwuliza, kaka, matuta kila kijiji, ng'ombe wanakatiza barabara, utakimbilia wapi? Hiyo uliyo nayo inatosha na inabaki. Akaondoka amenuna. Aende.

Dereva anayeleta barua hii nimempa na mfuko wa mbegu za mtama. Msipande mpaka muone mvua kwa macho yenu, msisikilize mtu, hata mimi. Kabula ameulizia, madaktari watarudi baada ya mavuno ya pamba. Nitakuja wiki nzima kabla, nilale hapo nyumbani, siku ikifika tuondoke wote.

Nisalimie baba mdogo anayetulimia, na mama mkubwa wa Mhunze. Jirani yetu Mama Kulwa naye alipanda kwa uongo wangu, mgawieni hizo mbegu na mwambieni ukweli. Kabula, ukimaliza kusoma usinitetee. Mwache mayu aseme mwenyewe.

Lile swali lako la farasi nimelibeba tangu Krismasi, jibu ninalo sasa. Hao farasi mia nne hawalimi popote. Wale ng'ombe wako wawili na mkokoteni, mayu, kama wangetoka na wewe asubuhi ile, wangekufikisha.

Mwanao niliyekukosea,
Shija