Ng'ombe wa Chuchu Tatu

Jumanne, mvua na baridi ya Eldoret

Pole, shajara yangu ya mtandaoni. Nimekuacha tangu shule zifunguliwe. Masweta ya shule ya kushona yalikuwa mengi, mtoto akaanza kuota meno, nikawa nalala nimekaa.

Leo naandika kwa sababu nina uchungu.

Jana Tasha wangu alitoka shule akaniambia, "Mama, ng'ombe yetu iko kwa sweta ya Brayo." Mama yake Brayo hajawahi kununua kwangu. Asubuhi nikaenda getini nikaangalia. Ni ile beji ya shule yenye ng'ombe, niliyoichora mwenyewe kwa kompyuta ili mashine ya kudarizi iishone. Nimejuaje? Ng'ombe ana chuchu tatu. Siku ile nachora mtoto alikuwa analia, nikasahau ya nne. Hakuna aliyegundua.

Ng'ombe kama huyo hayuko Kapseret nzima.

Aliyeshona ni Mama Njoki, kibanda cha pili kutoka changu. Nikamwendea. "Mama Njoki, hii ni kazi yangu."

Akacheka. "Na programu ya kuchorea, Mama Tasha, ulinunua duka gani? Si ni ile ya flashi? Si wewe ulinipatia?"

Nikarudi kibandani kwangu.

Ni kweli. Programu yangu ni ya wizi. Fundi aliniwekea na nilijua. Mama Njoki aliponiomba, nikampa flashi nzima kwa roho safi. Beji yangu ilikuwa humo ndani. Nilimgawia mali ya watu, na yangu ikaenda nayo.

Sasa mwalimu mkuu mpya anatutaka sote wawili Ijumaa. Mwenye beji ndiye atashona masweta ya mwaka ujao. Mama Njoki amesema nikifungua mdomo, naye atafungua wake.

Nimefikiria nikinyonyesha. Kuna mtu mahali alikaa chini akaitengeneza ile programu. Labda naye ana mtoto. Sikumfikiria hata siku moja, mpaka nilipoibiwa mimi.

Hiyo inaniuma kuliko Mama Njoki.

Nimeifuta ile programu. Ijumaa nitamwambia mwalimu mwenyewe, kabla hajaambiwa. Lakini ng'ombe ni wangu, na simwachi. Kuna programu nyingine ya bure, ya halali. Ni ngumu, nitajifunza.

Dada Nekesa, najua unasoma hapa. Nitumie kabla ya Ijumaa: mchoro wangu wa penseli, ule mwalimu mkuu wa zamani alitia sahihi, uko ndani ya Biblia ya mama huko Moi's Bridge. Sweta ya kwanza ya Tasha yenye ng'ombe huyo, hata kama kiwiko kimetoboka. Na ile kompyuta yako ya zamani, nianze upya.

Iwe tupu. Usiniwekee kitu.