Nyumba Aachiwe Mwenyewe

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, nyingi kuliko nafasi ya karatasi hii. Mgongo unaendeleaje, na shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanalalamika? Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri. Mchana hulala kidogo, na akiamka hukaa kitandani akitazama pazia linavyochezwa na upepo. Hata mimi nimekuwa hivyo. Tangu Baba atutoke, siku zinapita kama usingizi wa alasiri. Saa zake za ukutani kila moja inasema lake, na hakuna anayezibishia.

Uliniomba nikuandikie mambo ya mirathi yakiisha. Yameisha, ila si kwa njia niliyoitegemea.

Unamjua Baba kwa mpangilio. Alipoona ugonjwa haumwachi, alitandaza makaratasi yake yote kitandani: hati ya nyumba, vyeti vyetu, bima, mpaka risiti za vipuri vya saa ambazo hata wauzaji wake walishakufa. Akayatia kwenye bahasha, akalala katikati yake. Mara nyingi nilimkuta amesinzia, karatasi kifuani zikipanda na kushuka kwa pumzi zake, nikaona vibaya kumwamsha. Wosia aliuandika kwa mkono wake, mashahidi wakatia sahihi, wakili akauhifadhi.

Siku ya kuusoma, yote yalikuwa wazi isipokuwa mstari mmoja: "Nyumba aachiwe mwenyewe." Basi. Wakili alivua miwani akasema kwamba kwa maandishi haya, marehemu amejiachia nyumba yeye mwenyewe. Nilitaka kucheka nikashindwa. Hapa nyumbani mwenyewe alikuwa nani kama si Baba? Mama hakuwahi kumtaja kwa jina. Mtu akibisha hodi, jibu lilikuwa mwenyewe katoka, au mwenyewe kalala. Wakili akaeleza kwamba asipojulikana aliyekusudiwa, nyumba itauzwa, kila mrithi achukue fungu lake, wakiwemo kaka zetu, watoto wa Baba kwa mama mkubwa. Baba Mdogo, unavyojua alivyoitamani nyumba ile, akasema ikiuzwa yeye ataichukua. Mama alikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena.

Tukaitwa ofisi ya mirathi, chumba chenye feni inayozunguka kwa uvivu na mafaili yaliyofika dirishani. Ofisa, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akamuuliza Mama marehemu alikuwa akimwitaje. Mama akajibu kwamba alikuwa hamwiti. Alikuwa akikohoa tu, naye Mama anakwenda. Watu wakacheka kidogo.

Hapo Baba Mdogo akasimama. Nikajua sasa tumekwisha. Akasema yeye amekwenda karakana ya saa ya kaka yake mara nyingi kuulizia nyumba ile, mara akitaka kupanga chumba cha nyuma, mara akitaka kuinunua kabisa.

"Kila nikimuuliza, alinijibu hivi: 'Mimi pale nalala tu. Ngoja nimuulize mwenyewe.' Na mwenyewe aliyekwenda kumuuliza alikuwa shemeji yangu huyu hapa."

Mama akamwomba arudie. Baba Mdogo akarudia, macho chini. Wateja wawili wa zamani wakathibitisha kwamba hata wao waliwahi kujibiwa hivyo, na kaka zetu hawakubisha. Ofisa akaandika jina la Mama. Sikutegemea kumshukuru Baba Mdogo maishani, lakini siku ile nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili.

Sasa nikwambie nisichokwambia kwenye simu kabla ya siku ile, kwa kuwa nami nilikijua jioni ile tu. Nilimkuta Mama chumbani, begi kubwa liko wazi kitandani. Kumbe tangu siku ya wosia alishafunga vitu vyake vyote, nguo, picha yako ya shule, hata sufuria yake ndogo, tayari kwenda kuishi kwa Mama Mdogo bila kumsumbua mtu.

"Nilidhani kanisahau," aliniambia. "Kapanga kila kitu vizuri vile, halafu kanisahau mimi."

Nililia, dada, na sioni haya kukwambia. Yeye hakulia. Aliendelea kutundika magauni yake kabatini, kando ya makoti ya Baba.

Msalimie shemeji na watoto. Mama anakusalimu sana. Nimemuuliza kama nikuandikie habari ya lile begi, akasema niandike tu, nguo zimeshatoka.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba