Mikono ya Mama, Ukurasa wa Kumi na Saba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute kwenye cherehani yako, maana sijui saa ambayo hupo hapo. Nakuomba uizime kwanza, usome umetulia. Mimi mwili wangu ni mzima. Kikohozi kile kimeniacha, nakula, na kulala nalala kidogo. Natumaini wewe na wifi yangu hamjambo, na huyo mwanenu Kasuku anaendelea kuwapigia kelele. Macho ya mama vipi? Najua daktari alisema mpaka mtoto wa jicho akomae ndipo wamtoe, na mama alimjibu kwamba yeye amezoea watoto wasiotaka kutoka. Goti lake je?

Utashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Nikipiga, mama huwa pembeni yako ametega sikio, na simu yako inapaza sauti kama redio ya kinyozi. Haya niliyo nayo siwezi kuyasema akiwa anasikia. Barua nimempa jirani yangu muuguzi anayekuja huko kesho kuwaona wazazi wake, na ameapa ataitia mkononi mwako na si kwa mtu mwingine.

Juzi uliniambia kwamba Jumamosi mama amewaalika wenzake watatu waliobaki wa nyumba ya dobi, waje wasikilize Kasuku akiwasomea kitabu changu. Ulikuwa na furaha. Ulisema mama ameshalitoa lile gauni lake la kitambaa kizito, na kwamba Kasuku siku hizi anasoma kila kitu, hata maandishi ya mfuko wa sabuni na onyo la kwenye nguzo ya umeme. Nilicheka nawe. Nilipokata simu nilikaa sakafuni. Kaka, hiyo Jumamosi ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mengi unayajua, lakini niache niyapange, kwa sababu nataka uone mahali nilipopinda.

Wakati wa sheria za rangi, nyumba ile ya dobi ilikuwa na mabeseni mawili ya saruji. La dirishani lilikuwa la nguo za Wazungu, la ukutani la nguo za watu weusi. Kila kola ilishonwa uzi ndani, wa buluu kwa wale na mwekundu kwetu sisi, ili shati la mwalimu mweusi lisije likaonja maji ya shati la karani mweupe. Hata kamba za kuanikia zilikuwa mbili. Siku moja msimamizi alikuta nepi yako, wewe kaka yangu mheshimiwa, imeanikwa kwenye kamba ya buluu. Aliichomoa akaikanyagia kwenye tope. Mama alichukua kapu la nguo za uzi wa buluu na kapu la nguo za uzi mwekundu, akayamwaga yote mawili kwenye beseni la dirishani, akakunja mikono ya gauni, akaanza kufua huku msimamizi akimtazama na wewe ukiwa mgongoni unapiga chafya kwa povu. Alikaa mahabusu siku kumi na moja. Wafuaji wote waliweka sabuni chini wakatoka, na mgomo ule ukasambaa mpaka sheria zenyewe zikaanza kuyumba.

Huyu ambaye nchi nzima inamwita Kiongozi, wakati huo alikuwa karani wa risiti pale mlangoni. Aliona kila kitu. Yeye ndiye aliyekuwa na sauti, na yeye ndiye aliyeibeba habari ile kwenye mikutano. Hilo simnyimi. Alifungwa miaka mingi, alipigwa, alisimama mahali ambapo mimi ningekimbia bila viatu. Nilimpenda tangu nikiwa mtoto, unajua, picha yake ilikuwa juu ya kitanda changu. Lakini kila kitabu cha watoto kinachosimulia maisha yake kinasema kwamba karani kijana alivua koti akachanganya nguo kwa mikono yake. Nilipokuwa darasa la nne nilinyoosha mkono nikamwambia mwalimu kwamba aliyechanganya ni mama yangu. Darasa zima liliangua kicheko, mwalimu akiwa wa kwanza. Wewe ulinifuta machozi kwa kipande cha suruali ya mteja wa bosi wako.

Tulidhani wote kwamba waandishi wamekosea. Basi mwaka jana, nilipopata kazi ya kuandika kitabu kipya cha Kiongozi kwa ajili ya shule, nilikwenda kwenye maktaba ya magazeti nikasoma hotuba zake tangu mwanzo. Mwaka wa mgomo alisema kulikuwa na mama mmoja mfuaji, mwenye mtoto mgongoni. Baada ya miaka mitano alisema ni wafuaji. Alipotoka gerezani alisema ni yeye. Waandishi hawakukosea, kaka. Waliandika walichoambiwa. Nilifunga lile gazeti nikahisi nimeibiwa na mtu niliyemkaribisha chumbani mwangu. Nilipofika nyumbani niliibandua picha yake, ambayo nilikuwa bado ninayo, na sikujua niiweke wapi.

Nilimweleza mama. Alisema nimwache, yule alikuwa na mdomo na yeye alikuwa na mikono, kila mtu alitumia alichokuwa nacho. Ndivyo alivyokuwa akisema siku zote redio ikirudia hadithi ile, kisha anatoka kwenda kugeuza nguo ambazo hata hazijakauka. Lakini nilipomwambia kwamba safari hii nitaandika ilivyokuwa, aliniuliza kama mchoraji atamchora na mtoto. Ndipo nilipojua kwamba alikuwa akingoja miaka yote hiyo.

Nikaandika. Kitabu cha namna hii kina kurasa thelathini na mbili, wala haziongezeki, na kurasa za katikati, ya kumi na sita na ya kumi na saba, ndizo zinazofunguka sawasawa, kwa hiyo picha kubwa kuliko zote huwekwa hapo. Hapo nilimweka mama. Nilimpelekea mchoraji zile picha nilizompiga mama akifua, ili apate mikono yake, pamoja na kidole cha kati kilichopinda. Alimchora vizuri hata nikalia ofisini kwa watu. Nepi ilikuwepo, tope lilikuwepo, na chafya yako nilikuwa nimeiandikia sentensi yake peke yake.

Mhariri wetu tunamwita Mkasi, na yeye anajua na analipenda jina. Aliniita akafunga mlango. Alisema mswada umerudi kutoka kwa binti wa Kiongozi, ambaye bila idhini yake shule hazitakipokea kitabu, na binti ameandika kwamba baba yake hakuwahi kuwadanganya watoto. Nilimwonyesha Mkasi nakala za magazeti. Alizisoma zote, tena kwa makini, akaniambia ananiamini. Kisha akasema kwamba hilo halibadilishi kitu, kwamba mtoto wa miaka minane hawezi kubeba mashujaa wawili katika kitabu kimoja. Aliponiambia ananiamini ndipo aliponiumiza zaidi. Angenikatalia ningepata wa kugombana naye. Nilimwambia mama yangu alibeba makapu mawili na mtoto, na sikuona watoto wa siku hizi wamepungukiwa mgongo kiasi gani. Nikatoka, mlango ukalia nyuma yangu.

Hapo ndipo nilipoishia kukusimulia siku ile kwenye simu. Nilikwambia niligombana nao, nikashinda. Ulinipongeza, ukaniita Profesa.

Kaka, nilirudi kesho yake asubuhi.

Hakuna aliyeniita. Nilikuwa nimeandika vitabu vitatu ambavyo havikutoka, na hiki kilikuwa kinakwenda kila shule, na jina langu lilikuwa tayari limepangwa kwenye jalada, kwa herufi za manjano. Nilitaka lile jina. Nilitaka mwalimu yule wa darasa la nne, kama bado yu hai, aingie darasani siku moja alikute mezani. Niliketi kwenye meza ya Mkasi, nikaomba kalamu, nikamfuta mama mwenyewe, kwa mkono wangu. Na sikuandika vibaya, hilo ndilo linaloninyima usingizi. Niliandika vizuri kuliko nilivyoombwa. Ile sentensi ya karani kijana aliyevua koti, povu likampanda mpaka kwenye viwiko akahisi maji ya watu wote ni ya moto sawa, ni yangu. Mkasi aliisoma kwa sauti akasema ndiyo bora katika kitabu kizima. Nilisema asante.

Mchoraji hakuwa na muda wa kuchora upya. Alibadilisha kichwa tu, akakatisha gauni likawa shati. Wewe uliyekuwa mgongoni alikugeuza kuwa mzigo wa nguo. Ukifungua ukurasa wa kumi na saba utamwona Kiongozi anafua akiwa na furushi lililofungwa kwa kanga mgongoni, jambo ambalo hakuna mfuaji duniani amewahi kulifanya. Mikono haikuguswa. Mikono ni ya mama, na kidole chake kimepinda vilevile.

Sasa nisikilize kuhusu siku niliyowaletea kitabu. Wewe ulikuwa dukani unapima suti ya bwana harusi, wifi yuko kazini, Kasuku shuleni. Mama aliniambia nimsomee mara moja, hata chai nisinywe kwanza. Nilifungua, nikaona macho yake yananitafuta kwenye ukungu wake, na nikashindwa. Nilisoma yale ya zamani, yaliyokuwa bado kichwani mwangu, neno kwa neno. Yaliyoandikwa niliyaruka. Nilimsomea nepi, tope, makapu mawili. Nilipofika kwenye chafya alicheka mpaka akashika mbavu, akasema huyo ndiye mwanawe, tangu siku ile hapatani na sabuni. Nilikuwa nageuza kurasa kwa wakati wake kabisa, ili asikie karatasi.

Nilipomaliza aliniuliza yeye yuko ukurasa wa ngapi. Nilimwambia kumi na sita na kumi na saba. Alikichukua kitabu, akahesabu karatasi kwa kidole mpaka akafika, akakunja pembe. Kisha akakitia kwenye lile sanduku la bati, pamoja na cheti chake cha kutoka mahabusu na cheti chako cha kuzaliwa, akasema hakifunguliwi tena mpaka wenzake waje. Nilimbusu nikaondoka na basi la mchana, nikasema nina kikao. Sikuwa na kikao.

Kwa hiyo Jumamosi Kasuku atafungua pale palipokunjwa, mbele ya wanawake watatu walioweka sabuni chini kwa ajili ya mama, na atasoma kwa ile sauti yake inayofika barabarani. Atasoma kila neno, kwa sababu ndivyo wewe ulivyomfundisha.

Nilifikiria kukuomba ukifiche. Nilikwisha kuanza barua nyingine inayosema umwambie mama kwamba panya wamekitafuna, au kwamba kimeazimwa shuleni. Nimeichana. Mama ameshafichwa na karani, akafichwa na binti wa karani, akafichwa na mimi niliyenyonya ziwa lake. Sitaki na wewe uingie kwenye foleni hiyo. Na kusema kweli, nimekaa mwaka mzima nikimlaani Kiongozi kwa kuisogeza hadithi kidogo kidogo mpaka ikawa yake. Yeye ilimchukua miaka na gereza. Mimi ilinichukua asubuhi moja.

Ninachokuomba ni hiki. Kabla ya Jumamosi, ukae na mama peke yenu, umsomee barua hii. Yote, kaka, bila kuruka kama nilivyoruka mimi. Halafu yeye ndiye aamue kama wenzake waje au wasije, na kama Kasuku asome au asisome. Ni hadithi yake. Ndani ya bahasha nimeweka karatasi nne nilizoandika kwa mkono, ndizo kurasa za kwanza kabla sijazifuta. Akitaka zisomwe, zisomwe. Akitaka zitiwe jikoni zikawashie moto, sitauliza.

Mkasi nimemwandikia leo pia. Nimemwambia toleo lijalo wakichapa, jina langu walitoe. Sijui kama atajibu, na sikufanya hivyo ili nionekane mwema; nimeshindwa tu kulitazama likiwa juu ya ile picha.

Jumamosi nitapanda basi la alfajiri. Mama akisema nisiingie, usimbembeleze. Nitakaa nje penye kamba za nguo, na kama kuna zilizoanikwa nitazianua, kwa maana kazi hiyo bado anaweza kunituma hata akiwa hataki kuniona.

Nisalimie wifi, mwambie ile sufuria yake bado ninayo na sijaiunguza. Mpe Kasuku busu la shavuni, na akikuuliza kwa nini shangazi yake aliandika kitu ambacho hakikutokea, mwambie aniulize mimi, nitamjibu. Mshike mama mikono kwa niaba yangu, akikubali.

Ni mimi mdogo wako, kitinda mimba wa mfuaji,
ambaye hastahili tena kuitwa Profesa.