Wazo la mkate usio na chumvi

Shoga, alfajiri nimesikia mwiko ukigonga bakuli jikoni. Kumbe mjukuu wangu anaanza wazo lake jipya, mkate usio na chumvi kwa wenye presha. Asipopata wateja wapya, tanuri lake la mikate linauzwa.

Mimi sikuambiwa. Alipokwenda kuoga nikaonja unga, nikaona mtoto kasahau, maskini. Nikatia chumvi. Kiganja kizima, shoga. Kiganja kizima.

Tukampelekea mwalimu mstaafu, mteja wa kwanza. Akatafuna, akatema.

"Bibi, hii ni dawa ya presha au presha yenyewe?"

Nikakiri chumvi nimetia mimi. Mshauri wake wa biashara, shoga, ndiye huyo mimi!

Akacheka, akamvutia mjukuu kiti. "Wazo zuri, binti. Wenzangu wa kliniki ya presha wanautafuta mkate huu. Njooni tena kesho, ila bibi asiingie jikoni."